Simu ya Bure

Kutoka kiti cha nyuma, Marit aliona kwanza waya wa hedifoni uliochomoza kwenye kikapu cha mama muuza soksi za sufu. Mzee aliyekaa ubavuni mwa mama huyo akauona pia, na humo kwenye tramu ya kwenda mtaa wa Kopli, ambamo watu hawasemeshani, akauliza, "Mama, na wewe unapiga simu kwa kompyuta?"

"Wateja wangu wa Ufini nawapata humo humo, mzee wangu. Bure."

"Hiyo bure ndiyo inayonimaliza. Zamani mwanangu akipiga kutoka Dublin tuliogopa gharama, tukaagana upesi na vizuri. Sasa maneno yakituishia tunabaki kutazamana kwenye skrini kama ng'ombe zizini. Siku hizi akipiga naiacha ilie tu."

"Nani kakwambia lazima muongee? Binti yangu anamenya viazi kule, mimi nafuma huku. Saa nzima kimya, raha tupu."

"Huo wazimu."

"Wazimu ni kumkimbia mtoto wako."

Mzee alicheka, akaendelea kubisha mpaka tramu ikasimama mwisho wa njia. Abiria walipoinuka, Marit alijikuta ameshika mkono wa koti la mzee.

"Ipokee, mzee," alisema, uso ukimwaka kwa haya. "Mama yangu kule kisiwani naye huiacha ilie. Anayepiga ni mimi."