Wenyeji wa Agbekiri

Kijiwe cha Agbekiri ni kipande cha bomba la mafuta ambacho kampuni ilikisahau ilipohamisha ofisi zake. Watu wakakipandisha juu ya matofali mbele ya kibanda cha chai cha Malam Sani, na sasa kimeng'aa kwa suruali za miaka kumi na minane. Ukikaa hapo unatazamana na jengo la halmashauri, lenye ngazi, nguzo nne na mlingoti wa bendera, ila paa halina. Nyuma yake, ng'ambo ya kijito, moto wa gesi inayochomwa visimani unanguruma kutwa kucha. Asubuhi hiyo, mwisho wa bomba, aliketi Tonbra Effiong, binti wa miaka kumi na tisa, na fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa fomu ya cheti cha uenyeji. Bila cheti hicho hupati ufadhili wa masomo unaotolewa kwa miji yenye visima vya mafuta, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa hiyo hiyo. Karani wa halmashauri angefika saa tano kuchukua fomu. Tonbra alikuwa ameisoma mara sita, akahakiki kila herufi ya jina lake. Pengo lilikuwa moja tu: saini ya mwenyeji mwenye cheti, anayemfahamu mwombaji.

— Saini yangu si chumvi ya jirani, binti, kwamba ukiomba unachotewa, alisema Maisha.

Maisha ndiye mwenyekiti wa kamati ya mji. Alichaguliwa mwaka tisini na nane kwa kipindi cha miaka miwili, na tangu hapo uchaguzi haujaitishwa. Ndiyo asili ya jina lake.

— Nipo hapa tangu saa moja, mzee. Mlisema mkimaliza chai.

— Kwani imekwisha? Malam, chai imekwisha?

— Ipo, alijibu Malam Sani, akiimimina kutoka kikombe cha juu hadi cha chini mpaka povu likapanda.

— Umesikia mwenyewe.

Injinia aliisukuma kofia yake ya chuma nyuma ya kisogo. Alilinda geti la kampuni miaka kumi na mmoja. Mashine hajawahi kuigusa.

— Tusikurupuke, alisema. Kwanza, baba yako alitoka wapi?

— Mnajua alikotoka.

— Tunajua. Tunataka utamke.

— Ikot Ndua. Alikuja kuchomelea mabomba. Akaoa, akazaa, akafa, akazikwa pale nyuma ya kanisa. Kuna kazi gani alibakiza?

— Kuzaliwa hapa, alisema Injinia. Hiyo aliikwepa.

Kijiwe kikaangua kicheko. Tonbra alihisi masikio yakimwaka. Alitazama saa ya simu: saa nne na dakika nane. Akairudisha simu mfukoni, akaitoa tena. Saa nne na dakika nane.

— Usinune, alisema Maisha. Hasira zako ni za kutojua historia. Mwaka tisini na sita tulipewa halmashauri na serikali ya wanajeshi. Sisi! Miaka mitatu tulikuwa makao makuu. Mkuu wetu alikuwa na gari lenye king'ora. Halafu ikawaje?

— Makao makuu yakahamia Tunama.

— Hayakuhama! Yaliibwa! Tume ilikuja kuuliza wananchi wanataka makao makuu yawe wapi. Watu wa Tunama wakawachinjia mbuzi. Sisi tukawapa hotuba.

— Hotuba ya nani? aliuliza Malam Sani.

— Hilo si la msingi.

— Huyu alizungumza kwa muda wa saa nne, alisema Injinia. Wajumbe wawili walizimia. Lakini mbuzi hana kosa. Mimi nilikuwa getini, niliona. Kampuni ilikipindisha kisima. Bomba linashuka wima, likifika chini linakata kona kuelekea Tunama. Mafuta yetu, mlango wa kutokea wao.

— Ulikuwa getini, aliuliza Tonbra. Chini ya ardhi uliona kwa macho gani?

— Malori yaliingia na mabomba yaliyonyooka. Hakuna hata moja lililoingia na bomba lililopinda. Sasa niambie, yaliyopinda waliyapitishia wapi?

Maisha alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeoneshwa ushahidi.

Wa tatu kwenye bomba alikuwa Redio, mwembamba, mwenye sauti ya kunong'ona hata anapogomba. Wanasema habari humfikia kabla tukio halijatokea.

— Mnacheza nyinyi, alisema. Paa la halmashauri limekwenda wapi?

— Upepo, alisema Malam Sani.

— Upepo gani huo unaofungua skrubu? Lile lilinyakuliwa na helikopta, ili picha ikipigwa kutoka juu tuonekane gofu. Mmeshaiona ramani ya serikali? Agbekiri wameiweka pale pale karatasi inapokunjwa. Waziri akikunja ramani, tumepotea. Akikunjua, tumechanika. Hiyo si bahati mbaya. Kuna ofisi nzima kule mjini kazi yake ni kukunja.

— Miaka ishirini tunakunjwa, alisema Maisha, na sauti ilimtetemeka kweli.

— Na saini yangu, je? aliuliza Tonbra.

— Ndiyo hiyo tunayoizungumzia! Mji ulioporwa hivi lazima ujilinde. Leo tunamwandika mwenyeji binti wa mchomeleaji, kesho tunaamka Tunama nzima wamekuwa wenyeji.

Tonbra alisimama. Mfuko wa plastiki ulikuwa ukitoa sauti mikononi mwake, akaubana kwapani ili unyamaze.

— Mimi sikuiba paa. Sikula mbuzi. Maji ya kijito hiki nimeyanywa na mafuta yake kama mlivyoyanywa nyinyi. Nilipokuwa na miaka saba bomba lilipasuka pale chini, mafuta yakaja mpaka mlangoni kwa mama. Nani aliingia kufunga valvu?

Injinia akaivuta kofia yake mbele ya macho.

— Nauliza. Nani?

— Effiong, alisema Malam Sani.

— Alirudi mikono imeungua, haina ngozi. Alilala siku tisa. Siku ile alipokuwa anakimbilia kule, kuna mtu alimuuliza ametoka wapi?

Maisha alikohoa.

— Tulimzika vizuri, binti.

— Mlimzika kama mwenyeji?

— Tulimzika vizuri.

Bodaboda ikafunga breki mbele ya kibanda. Akashuka mwanamke kijana mwenye viatu vya matope na mkoba mkubwa, muhuri ukigonga-gonga ndani yake.

— Mimi karani kutoka halmashauri. Fomu za Agbekiri ziko wapi? Boti inaondoka saa tano na nusu.

— Hii hapa, alisema Tonbra.

Karani aliisoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

— Nzuri sana. Safi. Ila mwenyeji hajasaini.

Hapo Maisha akachomoa kalamu. Mbele ya serikali alipenda sana kuonekana akisaini.

— Lete, mheshimiwa karani. Tulikuwa tunajadiliana kidogo tu.

— Asante, mzee. Cheti chako namba ngapi?

— Cheti gani?

— Cha uenyeji.

Maisha akacheka.

— Mheshimiwa, mwenyeji ndiye mimi.

— Sawa. Namba ngapi?

Kalamu ilibaki hewani. Tonbra alimtazama, kisha akamtazama Injinia, kisha Redio. Mara sita alikuwa ameyasoma maneno hayo, mwenyeji mwenye cheti, na hata mara moja hakuwatilia shaka watu hawa.

— Wakati ule, alisema Maisha, mwaka tisini na saba, waliandikisha watu pale kwenye ngazi. Wiki tatu. Mimi nipange foleni juani ili kijana wa Tunama aniambie kwamba mimi ni mimi?

— Tulikataa kwa pamoja, alisema Injinia. Ulikuwa msimamo.

— Mimi nilipata habari majina yanapelekwa jeshini, alinong'ona Redio.

— Baba alipanga foleni ile, alisema Tonbra taratibu. Siku mbili. Mama alinisimulia kwamba kuna watu walimtoa, hakuniambia ni kina nani. Ni nyinyi?

— Tuliwatoa wageni wote, alisema Injinia. Hatukumbagua yeye peke yake.

— Na Malam naye mlimtoa?

— Malam alikuwa na chai.

Karani alikuwa ameshaanza kuirudisha fomu kwenye mfuko wake wa plastiki.

— Basi hakuna hata mmoja? Kijiwe kizima?

Malam Sani alikiweka chini kikombe, akajifuta mikono kwenye kanzu. Akainua debe la sukari. Chini yake akatoa karatasi iliyofungwa kwa nailoni, akaikunjua kwa ncha za vidole.

— Namba mia nne na kumi na mbili, alisema. Nilikuwa nawauzia chai watu wa foleni. Siku ya mwisho yule ofisa alikuwa amepungukiwa na watu wa kuandikisha. Akaniuliza, Malam, unaishi hapa? Nikamwambia naishi. Akaandika.

— Huyo ni mtu wa Katsina, kaskazini huko! Injinia alipiga kelele, kofia ikamwanguka. Dunia nzima inajua! Hata lugha yetu anaiongea kama anatafuna karanga!

Karani aliiinua karatasi kwenye mwanga.

— Muhuri ni wa kwetu. Saini hapa, mwenyeji.

Malam Sani alichuchumaa, akaiweka fomu juu ya bomba, kati ya goti la Maisha na goti la Redio. Aliandika polepole, kila herufi akiimaliza kabla ya kuanza nyingine. Tonbra aliinama kuhakiki tahajia. Maisha naye akainama, kichwa chake karibu na chao.

— Taratibu, Malam, alisema. Usituharibie fomu. Huyu ni mtoto wetu.

Tonbra aliinua uso.

— Wenu tangu lini?

Maisha akatazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu, na Malam Sani alikuwa bado anaandika.