Mistari Miwili ya Kumtafutia Debora Mwenzake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo nawasalimu kwa pumzi hiyo moja tu, kisha naingia kwenye jambo. Najua wanaonifahamu wanashangaa. Mimi Mama Debora, niliyekuwa katibu wa kina mama hapa kanisani, ambaye salamu zangu zimewahi kumfanya mzee wa kanisa asinzie kabla sijafika kwenye tangazo lenyewe! Tulieni, mtaelewa kwa nini nimebadilika. Ushuhuda wangu wote umelala hapo.

Wengi mnamjua binti yangu Debora, huyu aliyekaa benchi la mbele. Ana miaka minane. Alizaliwa anasikia vizuri kabisa: ukimwita anageuka, mlango ukigongwa anashtuka. Kabla hajatimiza miaka miwili akaugua homa kali, tukalazwa naye, Mungu akamponya. Tukarudi nyumbani Misugusugu tukishukuru. Nikamwita kama kawaida yangu, na hakugeuka. Hajageuka tena mpaka leo.

Ndugu zangu, mlikuja. Sisemi hamkuja! Mlijaza sebule yangu, mkamwekea mtoto mikono, mkaomba masikio yafunguke. Kisha kila Jumapili hapo mlangoni mkawa mnaniuliza, "Mama Debora, bado?" Nami najibu, "Bado, wapendwa." Baadaye mkaona haya kuuliza, mkaacha. Nikabaki mimi na mtoto wangu.

Baba Debora ni dereva wa lori. Akiondoka kwenda Tunduma, nyumba inakuwa ya watu wawili, na mmoja hasikii. Nilijifunza lugha ya alama Dar es Salaam, Jumamosi baada ya Jumamosi, na nikirudi nilimfundisha yeye. Maji. Chakula. Baba. Nakupenda. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Alikuwa ananisimulia vituko vya kuku wa jirani mpaka nacheka peke yangu jikoni. Lakini jamani, lugha ya watu wawili ni lugha gani? Mtaani hapakuwa na mtu aliyejua alama hata moja. Shuleni mwalimu wake, mama mwema sana, alimweka mbele kabisa, lakini kukaa mbele si kusikia. Shule yenye walimu wa alama ilikuwa mbali, na nafasi ilikuwa haijapatikana. Hapa kanisani alikuwa anawaona wote mnacheka, ananivuta gauni aniulize mnacheka nini. Nikimaliza kumweleza, kicheko kimeshapita.

Ikafika wakati akaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa, ndugu zangu. Mikono yake ilianza kunyamaza! Nikimuuliza jambo anatikisa kichwa tu, au ananyoosha kidole kama zamani, kabla hajajua alama. Nilielewa kinachotokea. Mtoto ameona hana wa kuongea naye duniani isipokuwa mama yake, na mama peke yake anachosha. Nilikuwa nampoteza mara ya pili, na safari hii hapakuwa na homa ya kumpeleka hospitali.

Nikasema lazima nimtafutie wenzake. Kibaha yote hii na Kisarawe yote ile, haiwezekani kiziwi awe Debora peke yake! Lakini mama mwenye mtoto wa hivi hatembei na bango kifuani. Wengine wanawaficha ndani. Mama kama huyo hamuulizi jirani, anaiuliza simu yake, amejifungia mlango. Najua, kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Shemeji yangu Elia, mdogo wake Baba Debora, anatengeneza tovuti. Akanitengenezea moja, tukaiita Mikono ya Misugusugu. Niliandika ukurasa wenye picha za alama za nyumbani, ukurasa wa habari za shule, na ukurasa wa kuwakaribisha watu barazani kwangu kila Jumamosi asubuhi, wenye namba yangu ya simu. Nikanunua viti vya plastiki, vikubwa vya wazazi na vidogo vya watoto. Nikamwambia Debora kwa mikono, "Wenzako wanakuja."

Hawakuja. Jumamosi ya kwanza nilipika chai birika zima, maandazi nikayafunika kwa kitambaa. Debora alivaa gauni lake la Krismasi, akakaa kwenye kiti kimoja kidogo, akawa anatazama barabara. Jumamosi iliyofuata akakaa tena. Baada ya hapo hakukaa. Alivipanga viti mwenyewe, kimoja juu ya kingine, akaviburuta kurudi ndani, na hakunitazama usoni.

Niliumia! Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa yamebadilika, na leo nayasema mbele yenu. Ninyi mlikuwa mnaomba Debora asikie. Mimi nilishaacha kuomba hilo. Nilikuwa naomba, "Bwana, mpe mtoto mmoja tu wa kuongea naye." Nilikuwa naomba hivyo peke yangu, maana niliona mkijua mtasema imani yangu ni ndogo.

Na Mungu, ndugu zangu, alinijibu kupitia kinywa cha jirani yangu Bi Mwanahawa! Huyu ni mama mtu mzima, Muislamu, kwao ni kule mashambani upande wa Mlandizi. Alikuwa ameona viti vikitoka na kuingia bila mgeni, akavumilia, mwisho akashindwa. Akaja na kanga yake begani.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niletee hiyo simu. Hao watu wako wanaalikwaje hata hawaji?"

Nikasachi mtandaoni darasa la lugha ya alama Kibaha, nikamshikisha simu. Tovuti yangu ilikuwa chini huko, lakini ilikuwepo. Mnajua mtu akisachi, kila tovuti inakuja na jina lake, na chini ya jina kuna mistari kama miwili ya kueleza mle ndani mna nini. Bi Mwanahawa akavaa miwani, akasoma mistari yangu kwa sauti:

"Bwana Yesu asifiwe! Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia pumzi ya uhai siku hii ya leo, pia nachukua fursa hii kuwasalimu..."

Hapo vikafuata vinukta vitatu. Basi! Nafasi imekwisha, na mimi bado nasalimia! Tukatazama ukurasa wa pili, salamu ile ile. Wa tatu, salamu ile ile, imekatwa pale pale.

"Mwanangu," akasema, "hata mshenga akishapewa maji ya kunywa husema kilichomleta. Wewe mgeni anafika mlangoni, unamsalimia mpaka anaondoka! Na mie hapa nikisoma najua ni mambo ya kwaya, napita zangu."

Nikakumbuka. Elia alikuwa amenipigia siku nyingi nyuma: "Shemeji, naomba maelezo mafupi ya kila ukurasa, yale tunayaita maelezo ya meta. Ndiyo anayoyasoma mtu kabla hajaamua kuingia." Mimi niliposikia yanasomwa kabla ya kuingia, nikajua ni ya kufungulia barua. Na barua ya heshima inafunguliwaje? Kwa salamu! Nikamtumia salamu moja nzuri, nikamwambia aiweke kila mahali. Naye Elia ni kijana aliyelelewa vizuri. Angemkatiaje mke wa kaka yake salamu? Akaiweka kama ilivyo.

Nilidhani tumemaliza, kumbe Bi Mwanahawa alikuwa bado. Akavua miwani akaniuliza, "Wewe siku ile ulipoona mwanao hageuki, uliandika nini kwenye simu?"

Ndugu zangu, siku ile nilikuwa nimejifungia chumbani, Debora amelala pajani, naandika: mtoto akiitwa hageuki na haongei nifanyeje. Sikuandika lugha ya alama. Nilikuwa hata sijui kama kuna kitu kinaitwa hivyo! Wala sikuandika kiziwi, maana neno hilo nilikuwa naliogopa. Nikamwambia Bi Mwanahawa maneno yale, na machozi yakanitoka.

"Basi na mwenzio anaandika hayo hayo," akasema. "Mjibu."

Nikampigia Elia. Safari hii alinieleza bila kuniogopa. Kila ukurasa uwe na maelezo yake, yasirudiwe. Jambo lenyewe litangulie, kwa sababu simu inakata mwisho. Tumia maneno ya anayetafuta. Sema mahali ulipo. Sema atapata nini akiingia, na akiingia akikute kweli. Akaniambia pia ukweli ambao sikuupenda, kwamba wakati mwingine mtambo wa kutafutia unachukua maneno mengine kutoka ndani ya ukurasa ukaacha yale uliyoandika, na kwamba mistari hiyo haikupandishi juu ya wenzako. Kazi yake ni kumfanya mtu aliyekuona aone kwamba ni yeye unayemwambia.

Kuna mpendwa mmoja, simtaji, yupo humu na anatabasamu, aliposikia nabadilisha maneno akanishauri, "Andika: Njoo uone mtoto bubu akiongea! Watafurika." Nilimkatalia palepale, na nilimkatalia kwa ukali. Mama yule aliyejifungia chumbani ameshaahidiwa mengi. Akija kwangu akute Debora hasikii vilevile, nitamtazamaje? Afadhali viti vikae vitupu.

Basi nikaandika kwa mkono wangu, nikafuta, nikaandika tena. Kwenye ukurasa wa alama niliweka: Alama za maji, njaa, choo na naumwa, kwa picha. Anza leo na mtoto wako asiyesikia. Na kwenye ukurasa wa Jumamosi, ule uliokuwa moyo wangu, niliweka hivi:

Mtoto akiitwa hageuki, haongei? Na mimi wangu ni kiziwi. Njoo naye Jumamosi asubuhi, Misugusugu, Kibaha. Bure. Wacheze, nasi tuongee.

Mistari miwili tu, salamu hakuna. Niliona kama nimemfungulia mgeni mlango bila hata kumpa mkono! Nikamwambia Mungu anisamehe utovu wa adabu.

Mkidhani watu walikuja kesho yake, hamjui mtandao. Wiki ziliingia wiki zikatoka, salamu zangu zikawa bado zinaonekana mlemle, maana mtambo ulikuwa haujayasoma maneno mapya. Hata zilipobadilika, hakuna aliyepiga. Nilikuwa naitoa chai barazani kikombe kimoja. Sijui kama mnaelewa ukimya wa nyumba ambayo hata ugomvi hauna sauti. Kuna siku nilifungua redio ili mtu aseme.

Kisha simu ikalia nikiwa nafua. Mwanamke, sauti ya chini, kama mtu anayeongea amegeukia ukutani.

"Wewe ndiye uliyeandika na mimi wangu ni kiziwi?"

"Ndiye mimi."

"Mie niko Kisarawe, huku Maneromango. Nina wangu. Anaitwa Shabani."

Jumamosi akaja, amebadilisha magari na vumbi liko mpaka kwenye kope, amemshika mkono mtoto wa miaka sita. Bi Mwanahawa aliwapokea kabla yangu! Mama Shabani alipokaa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mie nilijua Pwani nzima niko peke yangu." Nikamwambia, "Na mimi." Tukalia kama wajinga, chai inapoa.

Shabani hakuwa na alama hata moja. Alikuwa ananyoosha kidole, na asipoeleweka anajipiga kichwani. Debora alisimama mlangoni akimtazama muda mrefu. Kisha akaenda kwenye mtungi, akachota kikombe, akamwonyesha, akafanya alama ya maji. Shabani akakinyakua kikombe. Debora akakichukua tena! Akafanya alama tena, taratibu, akamshika vidole akamwonyesha namna vinavyokaa. Na Shabani akafanya. Maji! Akapewa, akanywa, akarudisha kikombe akafanya tena. Maji! Alikunywa mpaka tukaogopa tumbo lake, kwa raha tu ya kuomba na kupewa.

Mama Shabani akaniuliza, "Anasema nini mwanangu?" Ndugu zangu, alikuwa hajawahi kuuliza swali hilo maishani mwake!

Jioni walipoondoka, Debora hakunyamaza. Mikono ilikuwa inakwenda mbio hata sikuweza kuifuata: Shabani hivi, Shabani vile, Shabani hajui kuku, Jumamosi nitamfundisha kuku. Usiku ule mama hakuchosha tena.

Sasa tuko familia kadhaa. Si nyingi, na kuna Jumamosi mvua ikinyesha tunarudi kuwa sisi wawili. Upweke haujafa, bado unanitembelea Baba Debora akiwa njiani. Lakini unakuta viti nje.

Mlitaka niwaletee ushuhuda wa masikio. Huo sina. Mungu hakumpa Debora masikio, alimpa mwenzake, na aliyenionyesha njia ni jirani ninayetofautiana naye dini. Namshukuru Mungu kwa hilo, nitamshukuru mpaka nizikwe! Na wewe uliyejifungia na jambo lako, mwamini. Mungu haoni taabu na maneno machache. Sema shida yako wazi, kwa maneno yako mwenyewe, na useme uko wapi. Kuna mtu anakutafuta kwa maneno hayo hayo.

Mama Shabani yuko hapo nyuma leo, amenisindikiza. Watoto wako hapa mbele. Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba msiseme amina, maana hawataisikia. Inueni mikono yote miwili juu, muitikise. Ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Juu zaidi, wazee! Hivyo hivyo, msishushe.

Ngoja nimguse Debora bega, ageuke.