Mabua ya Ngano Chumbani kwa Yeyo

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Mimi ni wa hapa hapa Olmotonyi, wengi mnanijua, na leo sioni haya kusema.

Ndugu zangu, yeyo wangu, mama yangu mzazi, alipofariki nilifunga chumba chake kwa kufuli. Hata shuka sikuitoa kitandani. Nilitaka harufu yake isitoke. Nilimkumbuka mpaka mwili unauma. Masika yakifika ndiyo kabisa, maana wakati huo alikuwa akirudi kutoka msituni na uyoga kwenye kanga, ananukia majani mabichi, ananiambia nikoleze moto.

Basi akina mama wa kanisani walipofundishwa kulima uyoga, nami nikajiunga. Biashara wala sikuiwaza, nilitamani ule mchuzi wa uyoga aliokuwa akipika yeyo. Nikaloweka mabua ya ngano kwenye pipa, nikayakandamiza kwa jiwe mpaka yachachuke. Jamani, yalinuka! Jirani yangu Mama Nembris, mtu mzima yule, akawa ananitania kwamba nimezika ng'ombe uani. Yalipokuwa tayari nikamwaga maji, nikayatandaza yachuruzike. Siku hiyohiyo upepo ukang'oa paa la kibanda nilichoandaa. Na mabua yakishafika hapo hayangoji, yanataka kutiwa mbegu kwenye mifuko na kuwekwa gizani.

Mama Nembris akasema, "Si una chumba cha giza?"

"Kile ni cha yeyo. Uvundo huu utamfukuza."

"Mwanangu, lete ufunguo."

Nilifungua huku ninamwomba Mungu anisamehe. Nikashika ile shuka, nikainusa. Ndugu zangu, ilinuka vumbi. Yeyo hakuwemo. Muda wote ule nilikuwa ninalinda vumbi. Nililia mpaka Mama Nembris akaketi sakafuni pamoja nami. Kisha tukafagia, tukajaza mifuko, tukaining'iniza.

Asubuhi moja nikaingia kunyunyiza maji, nikakuta uyoga umechomoza, mweupe, kila mfuko. Na chumba kizima kinanukia msitu ulionyeshewa. Harufu ileile ya yeyo akiingia jikoni na kanga yake. Nilisimama pale nikamwita kwa sauti.

Bado ninamkumbuka, sitawadanganya. Lakini kufuli nimelitoa. Asante Yesu. Nawe uliyefunga chumba nyumbani kwako, mwamini huyu Bwana, mpe ufunguo. Tukitoka ibadani pitia kwangu, mlango uko wazi na mchuzi upo jikoni.