Picha Arobaini na Moja za Teodora Malabanan

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Lipa, na ninyi wa filamu mliotoka Manila tangu alfajiri, mimi ni Nenita Malabanan, dada wa marehemu na mpambaji wake wa uso kwa miaka ishirini na moja, familia imeniteua nisome historia yake, na ile karatasi iliyokwisha kuchapwa ambayo shemeji yangu Gaudencio aliniletea jana nimeiacha mezani nyumbani, mtanisamehe, nitasoma ya kwangu.

Teodora alizaliwa tarehe 3 Mei 1979 hapa Lipa, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Ruperto Malabanan, mchambuaji wa kahawa, na mama yetu Consorcia, huyu aliyekaa mbele yenu, akasoma kwa masista msingi na sekondari, hesabu zikamshinda kabisa, tusimsingizie marehemu sifa, lakini aliweza kuiga mwendo wa kila sista mpaka mama mkuu mwenyewe akacheka. Mei 1997 alichaguliwa kuvaa taji la malkia kwenye maandamano yetu ya kila mwaka ya Msalaba Mtakatifu, mtu wa filamu akamwona, na Januari 1998 tukahamia Manila pamoja, yeye mbele ya kamera, mimi na sanduku langu la poda.

Tarehe 14 Februari 2004 alifunga ndoa na Gaudencio Katigbak, mkandarasi wa barabara, katika kanisa hili hili, tukala nguruwe wawili wa kuchoma, na sote tulisema binti wa Consorcia amepata. Tarehe 19 Septemba 2007 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Mayumi, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja.

Historia ya marehemu hutaka tarehe, na mimi ninazo. Katika kazi yetu, mwigizaji akishapambwa hupigwa picha, nyuma yake huandikwa siku na saa, ili tukirudia tukio lile lile wiki ya pili uso usiwe mwingine, na kwa Teodora nilianza kupiga moja ya ziada, kabla ya poda, sijui nilikuwa namwekea nani. Tarehe 11 Juni 2009, jicho la kushoto. Tarehe 2 Novemba 2012, siku ya kuwaombea marehemu, alama za vidole shingoni. Tarehe 23 Desemba 2015, taya. Nimetaja tatu tu, picha ziko arobaini na moja.

Mwaka ule wa 2012 alikuwa akiigiza mke anayepigwa, na asubuhi ya zile alama za shingo, nilipofungua kopo la poda, mwongozaji alinishika mkono akasema, “Dada Nenita, usifunike, leo imetupunguzia kazi.” Nikaacha. Wiki iliyofuata alama zikafifia na tukio bado halijaisha, nikachukua brashi nikamchorea upya vidole vya mume wake, kimoja kimoja, naye ameinua kidevu ametulia ili nisihangaike. Kwa tamthilia ile alipewa tuzo, nchi nzima ikasema Teodora anajua kulia, na Gaudencio akapanda jukwaani kupiga naye picha. Mimi nina aibu, wenzangu mliokuwepo mna yenu, kila mtu aibebe ya kwake.

Wapo wanaouliza kwa nini hakuondoka. Aliondoka mara mbili, Agosti 2010 na Machi 2016, lakini kwetu ndoa haivunjwi, wakili alisema kesi ya kuibatilisha itachukua miaka, mama akamsihi arudi kwa ajili ya mtoto, na mimi nikambebea mizigo mpaka mlangoni kwa mumewe.

Jumatano ya Majivu, tarehe 6 Machi 2019, alifikishwa hospitali majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, damu imevujia kwenye ubongo, akafariki Jumapili tarehe 17 bila kuzinduka. Karatasi ya Gaudencio inasema aliteleza ngazini. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa namsuka Mayumi nywele, akaniambia taratibu, “Mama mkubwa, mama hakuteleza. Baba alimsukuma.” Naye baba huyo ametangaza kwamba leo tukitoka makaburini anamchukua mwanawe, sheria iko upande wake, na begi la mtoto likawekwa kabisa ndani ya gari.

Begi hilo nimelitoa asubuhi. Picha zote, pamoja na maneno ya mtoto, ziko kwa afisa wa polisi wa dawati la wanawake tangu Ijumaa, ndiye huyo dada mwenye shati jeupe aliyekaa nyuma yako, Shemeji, wala usisumbuke kugeuka, ametuheshimu wafiwa, amekubali umzike mkeo kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku kumi na moja, wafanyakazi wenzake waliochangia jeneza, na majirani zake wa Manila, ambao miaka yote wakisikia vishindo walipandisha sauti ya redio, na leo wameleta shada la maua kubwa kuliko yote, tumelipokea.

Mdogo wangu, hakuna atakayekuita tena mbele ya kamera, upumzike sasa kwa amani ya Bwana. Mayumi anarudi na mimi.