Sarmale za Neculai

Benchi letu liko mbele ya mlango wa jengo, chini ya dirisha la Jenerali, ambaye jeshini alikuwa dereva tu. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi mbao zilikuwa zimeganda barafu, tukakalia maboksi, nami nikamimina kahawa. Neculai akashuka amevaa aproni ya mkewe. Mkewe huyo, Aglaia, alivunjika nyonga wakati wa vuli, na kesho yake mchana hospitali ingemrudisha. Neculai, asiyewahi kuchemsha hata yai, alikuwa ameapa: mkewe akute sarmale za moto mezani, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi, zimepikwa na mumewe.

— Niambieni tu niwashe jiko saa ngapi, akasema.

— Hesabu kwa kurudi nyuma, akasema Jenerali. Gari linafika saa sita. Chungu kinataka muda wa saa nne. Washa saa mbili asubuhi.

— Umechemka, mzee! akadakia Sandu, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliuza sumu ya panya. Sarmale za saa nne ni mawe. Washa leo jioni, moto mdogo, ulale.

— Nilale jiko linawaka?

— Unalala na soksi mkononi. Ukisikia harufu, unaamka.

— Soksi ya nini?

— Ya kushikia chungu, bwana wee!

— Acheni utoto, akasema Jenerali. Tugawe vyungu vitatu, ghorofa tatu. Mimi nakaa katikati, nagonga bomba la kupasha jengo joto. Nikigonga mara moja, punguza moto. Mara mbili, ongeza maji.

— Na jirani akigonga kwa sababu ya kelele zako? nikauliza.

— Basi naye anaongeza maji.

Neculai hakucheka.

— Nichekeni mpaka mchoke, akasema. Mimi nitapika.

Hapo akapita Viorica, mpangaji mpya wa ghorofa ya tano, na kikapu chake. Akasimama, akasikiliza kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Kabichi mliichachusha lini?

Jenerali akamtazama Daktari. Daktari akatazama kikombe. Kabichi ya sarmale hulala kwenye maji ya chumvi wiki nyingi, na kila vuli Aglaia ndiye aliyejaza pipa. Vuli hii alikuwa kitandani hospitalini. Soko nalo lilikuwa limefungwa.

Neculai, mtu asiyeomba hata kiberiti, akasimama.

— Naenda kugonga milango.

— Jengo zima? nikauliza.

— Zima.

Viorica akatoa bakuli kikapuni, akamwachia. Huku akapewa majani machache, kule nusu kabichi, kwingine akasemwa kwa kutosalimia watu miaka yote, akakubali, akapokea.

Kesho yake tulimpandisha Aglaia ngazi akiwa kwenye kiti. Chungu kilikuwa mezani kinafuka moshi, kimeungua kidogo chini. Akatafuna taratibu. Akachukua ya pili, akatafuna tena.

— Neculai, hii chachu, hii chachu zaidi. Kabichi ya nani hii?

— Ya jengo zima.

— Uligonga milango? Wewe?

— Yote.

Aglaia akaweka uma chini, akamshika mkono. Kisha akasukuma sahani mbele.

— Basi niongeze, mume wangu. Na hizo zilizoungua pia.