Haruna Kaokotwa Njinjo

Kijiwe cha Mtanda kina benchi moja refu, dele la kahawa la Likwata, muuza kahawa, na sheria moja isiyovunjwa: ujumbe ukiingia kwenye simu yako unasomwa kwa sauti, anayesoma kimyakimya ni mchoyo. Kwa hiyo asubuhi ile mzee Rehani alipoona ameletewa Kizungu kitupu, alimpa simu Ignasi awasomee wote. Ignasi wanamwita Profesa, maana aliwahi kutembeza watalii kwenye magofu ya Kilwa. Ujumbe ulitoka kwa bosi wa Haruna, mzungu anayehesabu miti huko Njinjo, na ulikuwa mfupi: Haruna picked up this morning, yaani Haruna, picked up, leo asubuhi.

— Kaokotwa, akasema Profesa.

Rehani alikuwa hajasikia mtu mzima, mwenye akili zake, akiokotwa. Kinachookotwa ni korosho, au maiti. Kahawa ilimmwagikia kwenye kanzu na wala hakuhisi kuungua. Haruna ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, na walikuwa hawasemezani tangu msimu wa mwaka juzi, kijana alipokataa kupulizia dawa mikorosho ya babake akafuata vibarua vya msituni.

— Hiyo ndiyo maana ya kwanza, Profesa akaendelea. Ya pili ni kupokea simu. Ya tatu, mtu kupitiwa na gari akapakiwa.

— Gari la nani? akauliza Cletus, mgambo mstaafu, ambaye pale kijiweni ni Kamanda. Huyo kakamatwa. Enzi zetu tulikuwa tunawapakia alfajiri hivyo hivyo. Mchagua jembe si mkulima.

Jembe limeingiaje hapo, hakuna aliyejua. Likwata naye, huku akimimina, akasema kule Njinjo tembo ni wengi, na anayeokota mtu toka chini akamrusha ni tembo. Profesa akakumbuka maana ya nne, ya mwanamke kumnasa mwanamume njiani. Dele la pili lilipofika, Haruna alikuwa ameshatupwa na tembo, amekamatwa akiwa na pembe za tembo huyo na kuozwa kwa nguvu. Kamanda akashauri mkeka utandikwe na mtu aende kumwandaa Mwanasha, mama wa kijana. Rehani akaanza kutafuta ndara zake chini ya benchi. Aliogopa kwelikweli.

Ndipo Fortunata, fundi cherehani wa duka la jirani, akaja kununua kashata. Wakamweleza wote kwa pamoja, naye akawasikiliza hadi mwisho.

— Haruna mwenyewe anasemaje, Baba Haruna?

Wakamgeukia Rehani. Hilo halikuwa limempitia yeyote kichwani.

— Namba yake niliifuta, akasema. Aliona aibu, na hakuificha.

— Sasa huyo mzungu namba yako kaitoa wapi?

Njinjo yote kuna mtu mmoja tu aliyeihifadhi namba ile kichwani. Siku ya kuandikishwa kazi aliulizwa, likikupata jambo tumwambie nani, naye pamoja na hasira zake akamtaja babake.

Rehani akaipiga namba ya mzungu. Kiingereza chote alichokuwa nacho kilikuwa jina la mwanawe, akalitaja mara mbili. Akasikia watu wakiitana, kisha sauti ya chini.

— Shikamoo, baba. Ilikuwa malaria. Siku nne nilikuwa hoi, leo ndiyo nimepata nafuu, ndipo nikamruhusu bosi akuandikie hivyo.

Siku nne, na yeye alikuwa hapa hapa benchini akinywa kahawa na kucheka. Profesa akamvuta mkono wa kanzu, amuulize kijana basi ile ilikuwa maana ya ngapi.

— Marahaba, mwanangu, akasema Rehani. Umekula?