Mama Elmina na Folda ya Damu

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya hospitali yetu, Mama Elmina Nyakerario anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Alipoajiriwa mwaka wa 1967, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, na maji yaliletwa kwa mtungi kutoka mtoni. Leo kuna friji ya damu, kompyuta na kundi zima la wafanyakazi. Karibu wote yeye ndiye aliyewafundisha kushika sindano, na wote amewahi kuwafokea kwa kuacha chupa bila kifuniko.

Kompyuta ilikuja mwaka wa 1996. Wengi wetu tuliitazama kwa mbali. Mama Elmina alivuta kiti. Kila mchangiaji wa damu alimfungulia faili yake, akaiita kwa kundi la damu, jina la mtu na kijiji chake, na zote akaziweka katika folda moja. Kisha fundi aliyekuja kutengeneza printa akamwachia kitabu cha Perl, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, pamoja na disketi yake. Mama huyu wa miaka hamsini na kitu akawa anakisoma wakati wa chai, miwani imemshuka puani.

Programu yake ya kwanza ilifanya jambo moja tu: kufungua folda na kutaja kila kilichomo. Alituita tuone. Juu kabisa ya majina kulikuwa na nukta moja, na chini yake nukta mbili.

"Huyu Nukta ni mtu wa wapi?" Joab wa stoo akauliza, na maabara nzima ikacheka.

Mama Elmina alieleza kwamba nukta moja ni folda yenyewe, na mbili ni ile inayoibeba. Kisha akaongeza mstari wa kuziruka.

Januari 1998, mvua ya El Niño ikiwa imekata barabara ya Kericho, mchuma majani chai aitwaye Chepkorir alijifungua hapa, akaanza kutokwa na damu isiyokoma. Damu yake ni O hasi, nadra sana, na friji haikuwa nayo. Asubuhi hiyo radi ilikuwa imepiga waya wa umeme. Umeme uliporudi kompyuta iliwaka, lakini menyu tuliyoizoea, ile orodha ya kutafutia majina, ikasema hakuna mchangiaji hata mmoja.

"Mama, wamepotea wote," alisema Daktari Bogonko, na sauti yake ilitutisha kuliko radi.

"Menyu ndiyo imeharibika, daktari. Wacha tuulize folda yenyewe."

Aliketi. Akafungua programu yake, akaiambia itaje tu majina yanayoanza na O hasi. Alifuta neno, akaliandika tena. Alipobonyeza, majina yakajitokeza kwenye kioo, moja chini ya jingine: Kipkemoi wa Sotik, Kipruto wa Sigor, Nyamwange wa Chepilat. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na nimeona mengi, lakini siku hiyo nilisimama nyuma ya kile kiti nikilia.

Sigor hapakufikika. Trekta ya shamba la chai iliwaleta Kipkemoi na Nyamwange, Mkipsigis na Mgusii, watu wa pande mbili za mpaka wa makabila yao ambao miaka michache awali, wakati wa mapigano, wasingesalimiana. Walikaa benchi moja, matope hadi magotini, wakingoja damu yao ipimwe. Jioni Chepkorir alifungua macho akaomba apewe mtoto wake. Alimwita Cherop, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha.

Mama Elmina, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa ule udadisi ambao haukuzeeka. Tunakuombea afya, ng'ombe wenye maziwa na wajukuu wengi huko nyumbani. Kuanzia Julai, mvua ikinyesha usiku, hakuna atakayekugongea mlango. Lala, Mama.